Boti kuukuu ya Mnarani iliyokataa hesabu za Mwalimu

WASAFIRI wengi watokao Mombasa kuelekea Malindi huikumbuka Kilifi kwa mambo mawili tu. La kwanza ni mashamba ya mkonge ya Vipingo, yanayopita dirishani safu baada ya safu hadi jicho likachoka. La pili ni daraja. Tangu lilipofunguliwa mwaka wa 1991, matatu hulivuka kwa muda usiotosha hata kumaliza sentensi. Abiria hutupa jicho chini kwenye hori, akayaona maji ya samawati na matanga mawili matatu ya wageni, akasema "Masha-Allah," kisha akalirudia gazeti lake.

Zamani haikuwa hivyo. Palikuwa na feri, na mwenye haraka na asiye na haraka wote walingoja ukingoni. Kungoja huko kulikuwa kero, lakini angalau mtu aliuona ufuo. Basi leo, msomaji mpenzi, tuteremke kabla ya daraja, upande wa kusini, mahali paitwapo Mnarani.

Juu kwenye jabali yapo magofu ya mji wa kale: misikiti iliyobaki kuta, mibuyu mikubwa, na makaburi ambayo moja lina mnara mrefu wa mawe. Watu waliishi hapo kuanzia karne ya 14 hivi hadi karne ya 17. Makavazi ya Kitaifa huyatunza magofu hayo na mgeni hulipa kiingilio kidogo. Walioandika juu ya magofu ni wengi, nami sina jipya la kuongeza. Kilichonivutia mimi ni magofu ya aina nyingine, yaliyo chini kwenye mchanga na ambayo hakuna atozaye kiingilio kuyatazama.

Ukishuka ufuoni utaona vyombo vya makundi matatu. Kuna mitumbwi na mashua za mbao za wavuvi. Kuna mashua za wageni zilizotia nanga katikati ya hori, nyeupe, zimetulia kama bata. Kundi la tatu halimo katika kadi za posta. Ni boti za faiba zilizochakaa, zimelazwa kifudifudi chini ya miti au zimeegemea ua wa mtu, rangi imepauka na kuwa unga ushikao kidoleni. Baadhi zina mashimo ubavuni. Nyingine zimejaa maji ya mvua na viluwiluwi. Hakuna azitakaye, na hazitoweki.

Hapo ndipo penye kisa. Mashua ya mbao ikichoka, mchwa huimaliza, na zilizobaki huwa kuni. Faiba haina kuni. Imetengenezwa kwa nyuzi nyembamba za kioo zilizoloweshwa ndani ya rezini, ambayo ni gundi nzito kama asali. Rezini hiyo ikishaganda haiyeyuki tena, hata uichemshe namna gani. Ndiyo tofauti yake na plastiki ya ndara na mitungi. Wasomaji watakumbuka lile jahazi la Flipflopi lililoundwa Lamu kwa plastiki iliyookotwa, likashushwa majini mwaka wa 2018 na kusafiri hadi Unguja mwaka uliofuata. Plastiki ile iliyeyushwa ikawa mbao na mataruma. Boti ya faiba huwezi kuifanya hivyo. Ufaransa imeanzisha utaratibu, tangu 2019, ambapo watengenezaji huchangia gharama za kuzivunjavunja boti zilizozeeka. Huku kwetu boti ikizeeka hubaki ilipo.

Mwanzo wa vyombo hivi si wa kale sana. Mmarekani Ray Greene wa jimbo la Ohio anatajwa miongoni mwa watu wa kwanza kuunda mashua ya faiba, mwaka wa 1942. Baada ya vita vikuu vya pili vikaenea kote duniani, kwa kuwa mtu akishakuwa na kalibu moja anaweza kufyatua boti kama mama afyatuavyo mahamri. Pwani yetu zililetwa kwanza na walowezi na wenye hoteli kwa ajili ya kuvua kwa mchezo. Siku hizi serikali za kaunti na miradi ya uvuvi huwagawia wavuvi boti za faiba kupitia vikundi vyao vya ufuo. Kwa hivyo, elimu ya kuzitengeneza si ya matajiri wenye muda wa kupoteza peke yao.

Mtu aliyenifunza haya si tajiri. Ni mwalimu mstaafu wa hesabu, na aliniomba nisimtaje jina maana, alisema, wanafunzi wake wa zamani wamejaa kaunti nzima na watamcheka. Nilimkuta chini ya turubai nyuma ya nyumba yake, hatua mia mbili hivi kutoka majini, amevaa miwani ya fundi wa chuma, barakoa, glavu na kanzu kuukuu iliyogeuka nyeupe kwa vumbi. Mbele yake palikuwa na boti ya futi 14.

Aliinunua kwa shilingi 20,000 kutoka shamba moja ambako ilikuwa imelala chini ya mwembe kwa miaka mingi. Kuku walikuwa wakitagia ndani. Mkewe, ambaye huuza mahamri na mbaazi za nazi kila asubuhi kando ya barabara, anasema siku ilipoletwa kwa mkokoteni alidhani ni birika la kunyweshea ng'ombe, akafurahi. Alipoambiwa ni chombo cha baharini hakusema neno. Aliingia ndani akafunga mlango.

Mwalimu anayo daftari la mazoezi la kurasa 96, lile lile la shuleni. Ukurasa wa kushoto ameandika fedha zilizotoka. Wa kulia ameandika saa alizofanya kazi. Kila ninapokumbuka ufuo wa Mnarani, daftari hilo hunijia kabla ya maji.

Kazi ya kwanza ilikuwa kujua ugonjwa. Kwa jambo hili Mwalimu alimwita jirani yake, mzee fundi wa majahazi ambaye mikono yake imeshika tezo na keekee tangu utotoni. Mzee alizunguka boti mara mbili, akachukua nyundo ndogo na kuanza kuigonga kwa mpini, polepole, kutoka omo hadi tezi. Panapolia kwa sauti kavu ni pazima. Panapolia kwa sauti nzito, kama kibuyu chenye maji, faiba imeachana na mbao iliyo ndani yake au mbao yenyewe imeoza.

Maana yake, msomaji, ni kwamba boti nyingi za faiba si faiba tupu. Ubao wa tezi unaobeba injini ni plaiwudi iliyofunikwa kwa faiba pande zote mbili. Sakafu vivyo hivyo, na mataruma yaliyo chini ya sakafu. Mtu akitoboa tundu la skrubu asilizibe vizuri, maji huingia tone kwa tone na kubaki humo. Nje kunang'aa. Ndani kuna tope.

"Mwalimu," mzee alimwambia, "mti hukwambia. Ukioza hunuka, na maji yakiingia wayaona, watia kalafati. Hii faiba yako ni mtu mwenye sukari. Usoni mzima, ndani kaisha."

"Ami, basi nifanyeje?"

"Pasua."

Akapasua. Ubao wa tezi ulitoka vipande vipande, mweusi, unakamulika kama mkate ulioloweshwa chaini. Mwalimu aliacha ngozi ya nje ya faiba isimame, akachonga kielelezo cha katoni, kisha akakata plaiwudi mpya mbili, akazigandisha pamoja kuwa unene wa sentimita 4, akazikaza mahali pake kwa rezini na vibanio.

Kuhusu kiungo, kuna kanuni ambayo mwalimu wa hesabu hakuweza kuacha kuisimulia. Faiba mpya haishikani na ya zamani kwa kubandikwa juu tu. Lazima ukingo wa zamani usagwe kwa mteremko mrefu, upana wake mara 12 ya unene. Ngozi ikiwa na unene wa milimita 5, basi mteremko ni sentimita 6. Hapo mzigo hugawanyika. Ukisaga mfupi, kiraka kitabanduka siku ya mawimbi, na siku hiyo hutakuwa ufuoni.

Rezini yenyewe ina kiburi. Haigandi mpaka itiwe dawa, nayo ni kidogo sana, mililita 10 hadi 20 kwa kilo moja. Ukipunguza, hubaki ikinata wiki nzima. Ukizidisha, au jua likiwa kali, huchemka ndani ya kopo, ikatoa moshi na kupasuka. Kilifi joto la mchana katika msimu wa kaskazi hupita nyuzi 30, kwa hivyo Mwalimu huanza kazi baada ya sala ya alfajiri na kuacha ifikapo saa tatu. Huchanganya nusu kilo kwa wakati mmoja, hapana zaidi. Hulaza kitambaa cha nyuzi za kioo, hukilowesha kwa brashi, kisha hupitisha rola ya chuma kutoa mapovu ya hewa, maana kila povu litakalobaki ni chumba cha maji kesho. Dawa hiyo ya kugandisha ikiruka jichoni inaweza kulipofua, ndiyo sababu miwani haimtoki.

Vumbi nalo si la kuchezea. Huwasha mwili kama upupu na kudhuru mapafu. Mkewe alikataza nguo zile zifuliwe pamoja na za wajukuu, na alikuwa na haki. Isitoshe, vumbi hilo likipeperuka hufika baharini. Mwaka wa 2024 watafiti wa vyuo vikuu vya Brighton na Portsmouth, Uingereza, walitangaza kuwa wamekuta chembe za faiba ndani ya chaza na kome wa bandari ya Chichester, mahali penye boti nyingi na karakana zake. Hori ya Kilifi ina chaza na mikoko yake. Mwalimu hutandika turubai, hunyunyiza maji anaposaga, kisha huzoa kila kitu kwenye magunia. Niliwaona wengine kando ya maji wakisaga upepo ukivuma, na watoto wakicheza mbele yao. Afadhali mtu asianze kazi hii kabisa kuliko kuifanya hivyo.

Miezi minne ikapita. Tezi likawa jipya, mashimo ya ubavuni yakazibwa, na daftari lilisoma: boti 20,000, vifaa 38,000, jumla 58,000. Bado rangi, ambayo alikisia 9,000. Ndipo akaja kijana mmoja kutoka ng'ambo ya daraja, mwenye biashara ya kuwatembeza wageni jioni. Aliizunguka boti, akaipapasa, akasema akishapigiwa rangi atalipa 90,000 taslimu.

Mwalimu alipiga hesabu papo hapo. Faida shilingi 23,000. Mama aliyekuwa akisikiliza akichambua mbaazi alisema neno moja: "Chukua."

Jioni ile mzee fundi alipita kusalimia. Akaombwa aigonge sakafu, ambayo hadi siku hiyo haikuwa imeguswa kwa sababu ilionekana nzima. Katikati ililia vizuri. Karibu na tezi ikalia kibuyu. Mwalimu alichukua drili, akatoboa tundu dogo, na maji ya rangi ya chai yakatoka, yakaendelea kutoka.

Asubuhi yake alimpigia simu kijana na kumweleza. Kijana hakushtuka. "Piga rangi tu, Mwalimu. Hiyo sakafu itanihusu mimi."

Sasa hapa, msomaji, watu wengi wangepiga rangi. Mnunuzi ameambiwa, amekubali, fedha zipo. Sidhani hata sheria ingemgusa muuzaji, ingawa chombo cha kubeba abiria kwa malipo hutakiwa kukaguliwa na Mamlaka ya Safari za Majini nchini, KMA. Lakini rangi mpya juu ya sakafu ile ingemficha hata mkaguzi ugonjwa wake. Mwalimu alikaa kimya siku nzima. Usiku Mama alimuuliza swali.

"Mjukuu wetu ungempandisha humo?"

"La."

"Na hao watakaopandishwa ni wajukuu wa nani?"

Kesho yake asubuhi alichukua grainda na kuikata sakafu yote.

Walichokikuta chini kilimnyamazisha hata mzee fundi. Mataruma manne yalikuwa maganda ya faiba yenye uji wa mbao ndani yake. Lile povu la manjano lililojazwa kiwandani ili boti isizame lilikuwa limenyonya maji kwa miaka, likawa zito kama udongo. Walilichimba kwa jembe dogo na kulitoa kwa ndoo. Boti iliyohitaji wanaume sita kuigeuza, baada ya hapo waliigeuza wanne.

Kisha masika yakaanza. Rezini haipendi unyevu, na plaiwudi iliyolowa ukiifungia ndani ya faiba umefuga ugonjwa mwingine. Kazi ikalala kuanzia Aprili hadi mwishoni mwa Juni. Majirani wakaanza kuiita boti ile "pensheni", na Mwalimu akipita kibarazani huulizwa pensheni inaendeleaje. Kijana yule alinunua boti nyingine kwingineko. Mama aliendelea kuuza mahamri, na sehemu ya mauzo hayo, kwa mujibu wa daftari, ilinunua kilo 15 za rezini. Maandishi ya ukurasa huo si ya Mwalimu. Ni ya Mama, na ameandika pembeni kwa kalamu nyekundu: deni.

Mataruma mapya yalichongwa na mzee fundi kwa tezo, yakavishwa faiba, na nafasi za katikati zikajazwa mitungi ya plastiki iliyofungwa barabara ili chombo kielee hata kikijaa maji. Mzee alikataa kulipwa. Alisema alitaka tu kujua kazi hii ya vijana ikoje, na baada ya kuijua anapendelea mti. Tundu zote za skrubu zilitobolewa kubwa kuliko zinavyohitajika, zikajazwa rezini, kisha zikatobolewa upya katikati, ili maji yasiione mbao tena. Jambo hilo dogo lilichukua siku tano.

Hesabu ya mwisho niliinakili mwenyewe. Sakafu na mataruma 47,000. Rangi 9,000. Jumla kuu shilingi 114,000, na injini hakuna. Boti kama hiyo, mtu akibahatika kupata mnunuzi ufuoni hapo, huuzwa 80,000. Hasara 34,000, mbali na saa 400 na ushei za ukurasa wa kulia ambazo Mwalimu hakuzitia bei.

"Hesabu imekataa," alisema akilifunga daftari. Hakuonekana mwenye huzuni.

Niliporudi Kilifi safari ya pili ilikuwa siku ya bamvua. Katika pwani yetu maji ya bamvua hujaa jioni mnamo saa kumi au saa kumi na moja, na tofauti ya kupwa na kujaa hupita mita 3, kwa hivyo boti iliviringishwa juu ya magogo ya minazi wakati maji yalipokuwa chini na kuachwa ifuatwe na bahari. Watu walikusanyika kama kawaida ya watu. Mama alikuwa ametoa sharti lake mapema: hakuna atakayeingia mpaka chombo kielee usiku kucha, na asubuhi yeye mwenyewe akitazame.

Ikaelea. Ilikaa sawasawa majini, haikulalia upande, rangi yake ya kijani kibichi ikameremeta chini ya daraja. Ilifungwa kwenye mti na watu wakaenda zao.

Alfajiri tuliikuta ina maji ndani, kiasi cha vikombe vitatu hivi, yamekusanyika karibu na tezi. Mwalimu alinyong'onyea mbele ya macho yetu. Nilimwona akilitazama lile tezi kama mtu anayesoma upya mtihani aliokwisha kuukusanya. Hakuna aliyesema kitu. Mama aliinua buibui lake, akaingia majini hadi magotini, akainamia ndani ya boti na kuchovya kidole. Akakionja.

"Si chumvi," alisema. "Ni mvua ya usiku."

Mzee fundi alicheka hadi akakohoa. Mjukuu alipandishwa wa kwanza, na boya lake limefungwa kifuani mara mbili. Injini bado haijapatikana, kwa hivyo Mwalimu hupiga makasia na siku za upepo mwepesi hutweka tanga dogo aliloshona Mama. Huvua tasi na changu vya kutosha kitoweo cha nyumbani. Deni la rezini, nilipouliza mara ya mwisho, lilikuwa limelipwa nusu, kwa samaki.

Anayetaka kufika Mnarani apande matatu ya Kilifi au Malindi kutoka Mombasa, mwendo wa kilomita 60 hivi, amwambie utingo amteremshe kabla ya daraja. Magofu yatazamwe asubuhi kabla ya jua kupanda. Ufuoni ni bora kushuka maji yakiwa yamekupwa, ndipo vyombo vinapoonekana vizuri, vizima na vibovu. Ukimwona mzee anaigonga boti kwa mpini wa nyundo, msalimie na umngojee amalize kusikiliza. Ile nyingine ya futi 16 iliyo chini ya mkwaju haiuzwi. Mwalimu ameshaitolea arubuni, na Mama bado hajaambiwa.